Kichaa cha Mbwa na Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Msomaji, ukishika Barabara ya Jogoo kutoka katikati ya Nairobi ukaelekea mashariki, utapita mitaa ambayo majina yake peke yake ni somo la historia: Muthurwa ya wafanyakazi wa reli, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Maringo, Jericho, Buruburu. Ukizidi kwenda utafika Umoja na Kayole, na huko Barabara ya Kangundo itakupokea ikupeleke Njiru na Ruai, hata uingie nchi ya Machakos. Katika safari hiyo yote hutakosa kumwona mbwa. Utamkuta amelala chini ya meza ya muuza mboga, utamkuta amekaa nje ya bucha akingoja mfupa, utamkuta jaani akichakura. Wachache wana ukanda shingoni, na wengi hawana kitu. Huenda ukadhani mnyama huyu hana historia, kwa kuwa historia tuliyozoea ni ya magavana, vita na mikataba. Nakuomba uniazime fikira zako kidogo, nikuonyeshe kwamba anayo, na kwamba historia yake imefungamana na uhai wako.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Mwaka 1910 maabara ya maradhi ya wanyama iliwekwa Kabete, upande wa magharibi wa mji, kwa sababu serikali ya wakati ule ilihofia sana sotoka na maradhi mengine ya ng'ombe. Miaka miwili tu baadaye, yaani mwaka 1912, mbwa mmoja wa viungani mwa Nairobi alithibitishwa kuwa na kichaa cha mbwa. Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya maradhi haya nchini Kenya iliyothibitishwa kwa kipimo cha maabara. Mitaa niliyoitaja haikuwako bado; mahali pake palikuwa mbuga. Pumwani, ulio mkongwe miongoni mwa mitaa ya Waafrika iliyobaki, ulipata wakazi wake mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940. Kwa hiyo katika sehemu hii ya mji maradhi yalitangulia, na nyumba zikafuata.

Hapa mwanafunzi wa historia na ajihadhari. Mwaka wa kwanza katika hati si lazima uwe mwaka wa kwanza wa jambo lenyewe. Mwaka 1912 palikuwa na hadubini na mtu wa kuitazama. Kabla ya hapo mbwa angeweza kurukwa na akili, akauma, akafa, na pasiwe na mtu wa kuandika. Mtu wa kwanza aliyeandikwa nchini Kenya kuwa amekufa kwa kichaa cha mbwa alikuwa mwanamke mmoja wa bonde la Ziwa Victoria, mwaka 1928. Je, katika miaka ile kumi na sita hakufa mtu mwingine awaye yote? Mimi siamini, na nadhani wewe pia huamini.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Virusi vyake hukaa katika mate. Mnyama mgonjwa akiuma, virusi huingia kwenye jeraha, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Kwa kawaida safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na wakati huo wote aliyeumwa hula, hucheza na kwenda shule kama wenzake. Virusi vikishafika ubongoni na dalili zikaonekana, hapana dawa inayotegemewa. Karibu kila mtu hufa. Walakini chanjo ikitolewa mapema, kabla ya virusi kufika, huokoa. Basi tofauti ya kuishi na kufa ni siku, nayo hutegemea kama mtu amelijua jambo hili au hakulijua. Ndiyo sababu naliandika kwa ajili yako, kwa maana katika kila watu kumi duniani wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, karibu wanne ni watoto walio chini ya miaka kumi na mitano.

Dawa ya kinga ilitoka Ufaransa. Louis Pasteur alichukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa maradhi haya, akauanika mpaka ukali wake ukafifia, akautumia kuchanja. Watu wengi hukumbuka mtoto Joseph Meister, mwenye miaka tisa, aliyeanza kudungwa tarehe 6 Julai 1885, siku mbili baada ya kuumwa, akapona. Linalosahauliwa ni kwamba kabla ya mtoto huyo Pasteur alikuwa amekwisha kuwachanja mbwa. Mbwa alipata kinga hii kwanza, binadamu akafuata. Hata hivyo kwa muda mrefu mataifa yaliendelea kuwadunga watu baada ya kuumwa na kuwaacha mbwa vivi hivi, kwa kuwa chanjo ya sindano nyingi haikuwezekana kwa maelfu ya wanyama. Mwaka 1921 Wajapani wawili, Umeno na Doi, walieleza chanjo ya mbwa ya sindano moja. Mwaka 1948 ikatokea Marekani chanjo nyingine iliyokuzwa ndani ya mayai ya kuku, nayo ikaenea katika nchi nyingi miaka ya 1950. Tangu hapo serikali yoyote iliyotaka ingeweza kuchanja mbwa wa mji mzima.

Kenya ilitumia njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa amri. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, iliyowekwa zamani za ukoloni na kubaki baada ya uhuru wa mwaka 1963, iliwapa maofisa uwezo wa kuagiza mbwa wafungwe na mbwa koko wauawe, na nyama yenye sumu ilitegwa. Ya pili ilikuwa chanjo. Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 maradhi yalipungua sana nchini, hata yakabaki hasa upande wa Machakos. Kisha kazi ikalegea. Kufikia miaka ya 1980 maradhi yalikuwa yametapakaa tena katika sehemu nyingi za nchi.

Tafadhali irudie safari tuliyoianza. Lango la mashariki la Nairobi hufungukia Machakos. Magari ya mchanga, ya mawe ya kujengea na ya mboga huja kila alfajiri kwa Barabara ya Kangundo, na mbwa huja pia, wengine kwa miguu na wengine wamebebwa na wenyewe wanaohamia mjini. Mbwa hajui kaunti wala mpaka. Kwa hiyo mitaa ya mashariki inakaa pale ambapo maradhi yaliyosalia mashambani hukutana na umati wa watu.

Utaniuliza: kwa nini wasiuawe tu mbwa koko wote, shauri likaisha? Swali hilo ni la haki, na historia imelijibu zaidi ya mara moja. Katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia, kuanzia mwaka 1998, mbwa waliuawa kwa maelfu mengi ili kuukomesha ugonjwa, ugonjwa haukukoma. Mbwa mmoja akiondolewa, chakula chake hubaki jaani, na mwingine hujaza nafasi yake. Tena mwenye mbwa ampendaye akisikia wauaji wanakuja, humficha au humpeleka kwa jamaa katika mtaa wa pili, na kwa njia hiyo maradhi huvuka mahali yasipokuwapo. Pia sumu haimchagui mgonjwa: huwaua hata waliochanjwa, na kila aliyechanjwa akifa ni tofali limeng'olewa ukutani.

Uchunguzi uliofanywa Tanzania, katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha jambo la ajabu. Mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na zaidi kidogo, hawafiki wawili. Maana yake, mnyororo huu unaotisha ni dhaifu, na ukikatwa mahali pachache hukatika wote. Wataalamu husema mbwa sabini katika kila mia wakichanjwa, na zoezi likirudiwa kila mwaka, maradhi hayapati njia.

Lakini kwa nini kila mwaka? Hebu tufanye hesabu. Chukua mtaa wenye mbwa 100, na 70 kati yao wamechanjwa leo. Maisha ya mbwa wetu ni mafupi; huko Machakos wachunguzi walikuta wastani wake haufiki miaka minne, na sehemu kubwa ya mbwa walikuwa hawajatimiza mwaka. Tuseme kwamba katika mwaka mmoja mbwa 30 katika kila mia hufa, na 30 wengine huzaliwa. Mwisho wa mwaka, wale 70 wamebaki 49. Mwaka wa pili wamebaki 34. Hakuna aliyeiba chanjo wala dawa haikuharibika. Ukuta umebomoka kwa kuzaliwa na kufa tu. Sasa unaweza kueleza kwa nini mafanikio ya miaka ya 1960 hayakudumu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la chini.

Liko jambo jingine, gumu kuliko hesabu. Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu wanaosomea ualimu, waliokulia katika mitaa hii: nani kwao ana mbwa? Mikono michache iliinuliwa. Nikauliza tena: nani huwatupia mbwa chakula? Karibu darasa zima liliinua mikono, tukacheka. Mbwa wa mtaa ana walishaji wengi na hana mwenyewe. Huyu humpa ugali uliolala, yule humpa mifupa, mlinzi wa lango humwachia alale kibandani kwa kuwa hubweka usiku. Siku ya chanjo ikitangazwa, kila mmoja humtazama mwenzake. Nani atamshika? Nani ataiweka kadi yake? Mbwa wa Karen ana bwana, ana ua na ana daktari wake. Huyu wa Kayole ana ujirani tu.

Nisiwasahau paka, ambao katika Majengo ya Pumwani, kwenye wakazi wengi Waislamu, hupendwa kuliko mbwa na huingia hata vyumbani. Paka naye hupata kichaa, na makucha yake aliyoyalamba yaweza kuleta mate jerahani. Anapaswa kuchanjwa kama mbwa. Huko huko utasikia wazee wakisema kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sisemi kwamba hukumu hiyo ya dini iliwekwa kwa ajili ya kichaa. Naona tu kwamba watu wa zamani waliyatazama mate ya mbwa kwa tahadhari.

Maradhi mengine ya mbwa, kama distempa na parvo, hayamwui binadamu, lakini huwamaliza watoto wa mbwa. Parvo ni mgeni, kwani ilienea duniani mwaka 1978. Distempa ni ya zamani, na mwaka 1994 iliua yapata theluthi moja ya simba wa Serengeti, chanzo chake kikidhaniwa kuwa mbwa wa vijiji vya jirani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, inazitwika kaunti kazi ya kuwaangalia wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Naam, mbwa ametajwa katika katiba! Mwaka 2014 serikali ilitangaza mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, Makueni ikiwa miongoni mwa kaunti za kwanza kushughulikiwa. Makadirio ya mpango huo yalikuwa kwamba Wakenya wapatao 2,000 hufa kwa mwaka. Duniani kote hukadiriwa watu 59,000.

Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa duniani kuwa siku ya kichaa cha mbwa, na majira hayo chanjo za bure hutangazwa mara kwa mara. Ukisikia tangazo mtaani kwenu, huna haja ya kuwa mwenye mbwa. Tafuta kamba, mwite yule anayekujua kwa sababu umemlisha, umwongoze uwanjani bila kumpiga, na jina lako liandikwe kwenye kadi yake. Usiyemjua usimshike, waachie wenye mafunzo.

Na ukiumwa kabla ya siku hiyo, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano, uende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo na hata kama unaogopa kugombezwa nyumbani. Mbwa aliyekuuma asiuawe ovyo. Kama anaweza kufungwa salama, hutazamwa siku kumi; akiwa mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi katika mate yake alipokuuma. Akifa, kichwa chake hupelekwa na wataalamu maabarani Kabete, upande wa pili wa mji.