Choo kikikaribia kujaa: namna ya kunyonya na kutunza shimo la majitaka

Kila masika yanapokaribia, swali moja hutufikia mara nyingi kutoka kwa wasikilizaji wa Ngaramtoni na vijiji vya jirani: choo kimejaa, tufanye nini? Katika makala hii tunaeleza dalili za kujaa, kazi ya gari la kunyonya, utunzaji wa kila siku, na jambo moja ambalo mtu hapaswi kulifanya kamwe, yaani kuingia shimoni.

Jua una shimo la aina gani

Kaya nyingi zina choo cha shimo. Nyumba zenye vyoo vya kuvuta maji huwa na tangi la majitaka, ambalo wengi huliita karo au septiki. Tangi zuri lina vyumba viwili. Kinyesi huzama chini na kuwa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hupita kwenda shimo la kunyonyea, ambako ardhi huyapokea. Tope likizidi, hupita nalo na kuziba ardhi ya shimo la kunyonyea. Hapo hata ukinyonya tangi leo, wiki ijayo limejaa tena maji.

Shimo hujaa baada ya muda gani?

Mafundi hukadiria kwamba katika shimo lenye unyevu mtu mmoja huacha tope la lita 40 kwa mwaka. Pakitupwa taka zisizooza, hufika lita 60. Chukua shimo la duara lenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 3. Ukiacha nusu mita ya juu, linabeba takriban lita 2,800. Familia ya watu 6 italitumia zaidi ya miaka 11. Familia hiyo hiyo ikitupa humo nepi, pedi, chupa na matambara, itapata chini ya miaka 8. Mwenye nyumba aliyejenga shimo la watu 6 kisha akaweka wapangaji 12, agawe miaka hiyo kwa mbili.

Tangi la majitaka kwa kawaida hunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5, au tope likifika theluthi moja ya kina chake. Pima kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe: uzamishe taratibu hadi chini, uutoe, utaona alama ya tope. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti hapo, kwa sababu gesi ya chooni hushika moto. Kwa choo cha shimo, tope likibakiza nusu mita kufika juu, muda umekwisha.

Kabla ya kuita gari

Ardhi yetu chini ya Mlima Meru ina majivu ya volkano, na sehemu nyingi udongo ni mwepesi. Shimo lisilojengewa kwa tofali au mawe linaweza kubomoka likinyonywa, likaondoka na choo chote. Kwa shimo la namna hiyo ni salama zaidi kulifukia na kuchimba jingine, na safari hii lijengewe.

Kama shimo limejengewa, fanya haya:

- Panga kazi wakati wa kiangazi. Masika barabara za ndani hazipitiki kwa gari zito, na ardhi iliyoshiba maji inaweza kusukuma kuta za tangi tupu.
- Hakikisha gari linafika karibu. Mpira wake una kikomo.
- Ongea na majirani. Gari likihudumia nyumba mbili tatu kwa siku moja, mnaweza kuelewana bei.
- Muulize dereva kibali chake na anakokwenda kumwaga. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha, AUWSA, ina mabwawa ya kutibu majitaka Terrat, upande wa pili wa jiji. Safari ni ndefu na ndiyo sehemu kubwa ya gharama. Anayekupa bei ya chini mno huenda hana mpango wa kufika huko.

Majitaka mabichi yakimwagwa korongoni au kwenye mfereji, hushuka na maji yale yale yanayomwagilia mboga na kunywesha mifugo huko chini. Mayai ya minyoo huishi udongoni kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo usikubali pia yamwagwe shambani kama mbolea.

Kutapisha ni kuhamisha ugonjwa

Wapo wanaosubiri mvua kubwa, wakatoboa choo ili mafuriko yabebe uchafu. Huko ndiko kutapisha, na ni kosa kisheria. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kwa njia hiyo. Ukiona jirani anafanya hivyo, mjulishe mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, au bwana afya wa kata.

Usiingie shimoni

Mijini wapo vijana wanaokodiwa kuingia shimoni na kuchota kwa ndoo, huitwa vyura. Shimo lina gesi inayonuka kama yai viza. Ikiwa nyingi, huua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani hewa imekuwa safi. Anaanguka ndani ya muda mfupi. Mara nyingi wa pili kufa ni ndugu aliyeshuka kumwokoa.

Mtu akianguka shimoni, usimfuate. Ondoa watu, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Simu au pete ikidondoka, iache.

Utunzaji wa kila siku

- Weka ndoo yenye mfuniko kwa pedi na nepi.
- Usimwage mafuta ya kupikia, rangi au dawa kali kwa wingi. Dawa huua vijidudu vinavyosaga tope.
- Maji ya mvua ya paa na uani yasiingie chooni.
- Mfuniko uwe mzito na mzima. Mtoto asiweze kuufungua.
- Andika tarehe ya kunyonya ukutani au kwenye daftari.

Ukichimba shimo jipya, liwe mita 30 au zaidi kutoka kisima au chemchemi, na liwe upande wa chini wa mteremko. La zamani lifukie kwa udongo na panda mti. Usilifukue kabla ya miaka 2.

Kama shimo lako lina tatizo ambalo hatujaligusa hapa, tutumie ujumbe. Tutamuuliza mtaalamu na kujibu hewani.