Ile kofia ya Mjerumani niliyowaonyesha ni feki

Wasee, leo sina mzaha. Ile video ya kofia, ambayo mliitazama kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka hapa, ilikuwa uongo. Nilishika kofia mbele ya kamera nikasema ilivaliwa na afisa wa Kijerumani aliyepigana Salaita mwaka wa 1916. Muuzaji ndiye aliyeniambia hivyo hapa Voi, eti babu yake aliiokota kwenye handaki. Sikuuliza swali hata moja. Nililipa elfu tano, nikarekodi jioni hiyo hiyo.

Na ushahidi ulikuwa unanitazama usoni. Mbele ya kofia kuna tai ameshika duara, na ndani ya duara kuna swastika. Alama hiyo iliingia kwenye sare za jeshi la Ujerumani mwaka wa 1934. Vita vya hapa kwetu vilianza Agosti 1914, Wajerumani walipovuka mpaka wakaiteka Taveta, na kufikia Machi 1916, baada ya mapigano ya Latema na Reata, walikuwa wameshasukumwa nje. Yaani nilimvisha mtu kofia ambayo haikuwa imebuniwa. Kuna aliyeniandikia kwamba labda ni ya Vita vya Pili. Buda, katika vita hivyo adui aliyekuwa mpakani mwa Kenya ni Mwitaliano, kule kaskazini. Jeshi la Hitler halikufika Maktau.

Tai wa Kaiser ni mwingine. Ana taji juu ya kichwa na ngao kifuani, na hana swastika popote. Halafu umbo lenyewe: maafisa wa jeshi la Kijerumani la huku, Schutztruppe, walijulikana kwa kofia pana ya kijivu ya sufu iliyoshindiliwa, ukingo wa upande mmoja umekunjwa juu na kubanwa kwa beji ya duara yenye nyeusi, nyeupe na nyekundu. Utepe wake ulionyesha koloni: buluu kwa Namibia ya leo, nyekundu kwa Kamerun, nyeupe kwa Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukiuziwa yenye utepe wa buluu na hadithi ya Salaita, hata kama kofia ni ya kweli, hadithi ina shida.

Baada ya aibu hiyo niliigeuza kofia yangu ndani nje. Uzi ulikuwa unang'aa kama wa begi la shule. Nikachomoa kipande kidogo kwenye mshono wa ndani, nikakiwasha kwa kiberiti. Kiliyeyuka kikawa shanga nyeusi. Sufu haiyeyuki hivyo, inanuka kama nywele zilizoungua. Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza 1935, Marekani. Kisha nikaomba ile taa ya zambarau ya kukagulia noti feki pale kwa M-Pesa. Kitambaa kikawaka kama shati jeupe kwenye disko, kwa sababu nguo na sabuni za siku hizi zina kemikali ya kung'arisha ambayo haikuwepo wakati wa Kaiser. Lakini hapo uwe makini, kofia halisi iliyofuliwa na Omo nayo inaweza kuwaka. Taa pekee haitoshi.

Na madoa? Chai. Doa la jasho la kweli huanzia kwenye utepe wa ngozi wa ndani, pale paji la uso linapogusa, ndipo linatokeza nje. La kwangu lilikuwa nje tu, limesambaa sawasawa kama mtu alilipaka. Hata hiyo hadithi ya handaki ingenishtua. Kwenye udongo wetu vinadumu vyuma: maganda ya risasi, vifungo, bakoli za mikanda. Sufu na pamba, miaka 100 na zaidi, na huu mchwa wetu? Kofia iliyobaki ni ile iliyokaa ndani ya sanduku nyumbani kwa mtu, na mwenye sanduku hujua ni la nani.

Lakini kinachoniuma zaidi si uzi. Niliposema "kofia ya Mjerumani" nyote mlifikiria Mzungu, na mimi pia. Vita vilipoanza jeshi hilo lilikuwa na Wajerumani karibu 260 na askari Waafrika karibu 2,500. Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani. Kichwani walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na kipande cha nguo kikining'inia nyuma kukinga shingo na jua, tai wa chuma mbele. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa wametua nchini juzijuzi tu walipanda kuishambulia Salaita, wakarudishwa mbio, na waliowatimua wengi wao walikuwa hao wenye tarbushi. Hakuna aliyewahi kuniuzia tarbushi ya askari, hata feki. Anayeghushi anatengeneza kinachotafutwa, na sisi tunatafuta afisa.

Sheria nayo haitusaidii sana. Ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kofia ya 1914 iko nje ya mstari kwa miaka 19. Kwa maoni yangu mwaka huo ungesogezwa, maana huku Taita Taveta kumbukumbu nyingi za vita ziko upande usiofaa wa tarehe hiyo.

Sasa sababu ya kuandika haya yote. Kuna kijana wa Mwatate, ananifuata tangu nilipoacha chuo na kuanza hii kazi. Aliona video, akamtafuta muuzaji yule yule, akanunua kofia ya pili kwa 12,000. Pesa za karo ya kozi. Alinitumia picha akiwa na furaha, na kitu cha kwanza nilichoona ni swastika. Nilimpigia nikamwambia ukweli. Alinyamaza, kisha akasema, "Lakini si wewe ndiye ulisema?"

Nimeshamtumia 4,000. Ile video nimeitoa. Namba ya muuzaji bado imezimwa.