Kontena Zima, Bahari ya Wote

Anayeagiza tende, ubani au viungo kutoka nje huulizwa na wakala: unachukua kontena zima au unachangia? Wengi hujibu kwa kikokotoo. Kontena la futi 20 lina takriban mita za ujazo 33. Mwenye mita tatu huchangia, akalipia nafasi yake na kusubiri lijae. Mwenye mzigo mkubwa hulipia lote, hata pembe itakayobaki tupu.

Pwani yetu ililijua swali hili kabla ya kontena. Majahazi ya Arabuni yalishuka na kaskazi yakileta tende na papa mkavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait hadi Zanzibar na delta ya Rufiji mwaka 1939, alikuta mabaharia nao wana vijibidhaa vyao vya kuuza bandarini. Jahazi lilikuwa moja, wafanyabiashara wengi.

Tarehe 26 Aprili 1956, meli Ideal X ya Malcom McLean iliondoka Newark kwenda Houston na makasha 58 ya alumini. Kasha lilileta ahadi mpya: mzigo ufungwe na mwenyewe, ufunguliwe na mwenyewe. Kwa bidhaa za asili ahadi hiyo ina uzito. Majani ya chai hunyonya harufu ya jirani. Tena jirani asiye na cheti cha afya ya mimea anaweza kulichelewesha kontena lote, na wewe mwenye karatasi kamili ukangoja naye.

Lakini upweke huo una mpaka. Machi 2021 meli Ever Given, yenye makontena zaidi ya 18,000, ilikwama siku sita katika Mfereji wa Suez. Wamiliki wake wakatangaza hasara ya pamoja, kanuni ya kale iliyozaliwa na desturi ya kutupa mizigo baharini ili chombo kiokoke: waliosalimika na mali humfidia aliyetupiwa yake. Wenye makontena mazima na waliochangia, wote walitakiwa kuweka dhamana kulingana na thamani ya mali zao kabla ya kuichukua.

Basi ukishamjibu wakala, muulize nawe kuhusu bima. Ukuta wa chuma unakutenga na jirani wa kontenani. Meli bado mmepanda wote.