Sikoseli ya Pwani na tiba ya seli shina

Damu yote mwilini huzaliwa na seli chache zilizomo ndani ya uboho wa mifupa, ziitwazo seli shina. Seli nyekundu huishi takriban miezi minne ikafa, lakini seli shina hujizalisha maisha yote. Zikiwa na kasoro, damu yote itakayotoka itakuwa na kasoro hiyo, na zikibadilishwa, damu nayo hubadilika. Katika Pwani ya Kenya, ugonjwa unaodhihirisha hayo zaidi ni sikoseli.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyelelewa Gilgil, alizunguka Kenya akikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Tone la damu likikosa oksijeni, seli za aliyerithi sikoseli hujikunja kama mundu, na hadubini huonyesha hivyo bila shaka. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 wa baadhi ya jamii walikuwa na urithi huo. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Allison akang'amua kwamba palipo na malaria ndipo palipo na sikoseli, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kuwa aliyeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria. Watafiti wa Kilifi, huko huko Pwani, waliipima kinga hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2005: dhidi ya malaria kali, hufikia karibu asilimia 90.

Gharama ya kinga hiyo hulipwa na mtoto aliyerithi kwa baba na kwa mama pia. Mtaani Mikindani, Mombasa, kama kwingineko Pwani, mtoto huyo hujulikana kwa macho ya manjano, vidole vilivyovimba angali mchanga, na maumivu ya mifupa yanayomnyima usingizi yeye na mamake.

Tiba ilipatikana bila kukusudiwa. E. Donnall Thomas wa Marekani alikuwa ameanza kupandikiza uboho kwa wagonjwa wa saratani ya damu miaka ya 1950, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis waliripoti habari za msichana mwenye sikoseli aliyepatwa na saratani ya damu. Walimpandikizia uboho ili kutibu saratani, na sikoseli nayo ikaondoka.

Upandikizaji wenyewe hauna kisu kwa mgonjwa. Dawa kali huua uboho wake wa zamani, kisha seli shina za mtoaji hutiririshwa mshipani kama anayeongezewa damu. Zenyewe huijua njia ya kwenda mifupani, na baada ya wiki mbili hadi nne huanza kutengeneza damu mpya. Hatari zake ni kubwa: mgonjwa hubaki bila kinga kwa muda, na seli ngeni zaweza kuushambulia mwili wake. Mtoaji bora ni ndugu wa baba na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye. Ndugu aliyerithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu anafaa pia.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba inayorekebisha seli shina za mgonjwa mwenyewe, hivyo haihitaji mtoaji. Bei yake Marekani, dola milioni 2.2, haisemeki mbele ya mzazi wa Mikindani. Wanaouza sindano za seli shina kwa kila maradhi, kuanzia kisukari hadi kupooza, hawana ushahidi kama wa tiba hizi na hawastahili kuaminiwa.

Kwa miaka mingi wenye uwezo Afrika Mashariki walikwenda India kupandikizwa uboho. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza uboho mwaka 2021, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikizia watoto wenye sikoseli. Kwa wengi ambao hawajaifikia huduma hiyo, tegemeo ni kupimwa mapema, penisilini utotoni, kinga ya malaria, na haidroksiyurea, kidonge kinachopunguza vipindi vya maumivu.