Bibi Aliyepima Mafuta Juu ya Maji

Kila aoshaye vyombo ameona jambo hili: tone la mafuta likianguka juu ya maji hutandaa upesi, likawa utando mwembamba usioshikika kwa mkono. Je, utando wa namna hiyo hupimwaje? Leo twataka kueleza habari za mwanamke mmoja wa Ujerumani aliyeupima, wala hakuwa na chombo cha thamani.

Jina lake Agnes Pockels, naye alizaliwa mwaka 1862. Alipenda sana elimu ya maumbile, lakini siku zile vyuo vikuu vya nchi yake havikuwapokea wanawake. Basi alikaa nyumbani akiwatunza wazazi wake, na ndugu yake mdogo, aliyesoma chuoni, akampatia vitabu.

Alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi, alitengeneza chombo cha bati, chembamba, chenye urefu wa sentimeta 70, akakijaza maji hata ukingoni. Juu yake alilaza ukanda wa bati uliogawa uso wa maji sehemu mbili, nao uliweza kusogezwa. Mafuta yakiwa upande mmoja, na nafasi yake ikapunguzwa hata nusu, mafuta ni yale yale, ila yamesongamana mara mbili. Hivyo kuipima nafasi kulikuwa ndiko kuyapima mafuta.

Kisha aligusisha kifungo kidogo juu ya maji, akapima kwa mizani nguvu ya kukibandua. Mafuta yalipokuwa haba, nguvu ile haikubadilika. Yalipozidi kusongamana kupita kiasi fulani, ilipungua ghafula.

Januari 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, ambaye naye alikuwa akichunguza jambo lilo hilo. Rayleigh hakumdharau. Mkewe aliifasiri barua kwa Kiingereza, naye akaipeleka kwa gazeti la Nature, ikapigwa chapa Machi mwaka ule. Mwaka 1899 Rayleigh alieleza kwamba kiasi kile ndipo utando unapokuwa na unene wa molekuli moja tu.

Baadaye Irving Langmuir wa Marekani alitengeneza chombo bora kwa njia ile ile, na mwaka 1932 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uo huo chuo cha ufundi cha Braunschweig, mji aliokaa Bibi Pockels, kilimpa shahada ya heshima. Alikuwa na miaka 70, na kazi yake ilikwisha kuanza nusu karne nyuma, kwa maji, bati na kifungo.