Mzigo Halali, Dereva Korokoroni

Nikiwaambia marafiki zangu naandika kuhusu lori la hempu, wanacheka. Si makosa yao. Neno katani tulishalipa mkonge, na mmea huu tukauachia jina moja tu: bangi. Lakini hempu na bangi ni mmea mmoja, Cannabis sativa, na kinachozitenganisha ni kipimo. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2018, mmea wenye THC, ile kemikali ya kulewesha, isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu ni hempu. Ikizidi hapo ni bangi. Tofauti hiyo huioni kwa macho wala huinusi. Kwa hivyo anayeusafirisha hutetewa na karatasi tu.

Sikumaliza chuo na mimi si wakili, lakini historia ya hizo karatasi imenishika.

Mwaka 1937 Marekani haikupiga mmea huu marufuku moja kwa moja. Iliutoza ushuru. Kuuhamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine kulihitaji fomu ya serikali na dola 1 kwa kila aunsi, kama mpokeaji amesajiliwa. Kama hajasajiliwa, dola 100. Shina lililokomaa na nyuzi zake havikuguswa, ila majani na maua yalikuwa kesi. Miaka mitano baadaye Japani ilikuwa imeteka Ufilipino, kulikotoka nyuzi za kamba za meli, na serikali ileile ikatengeneza filamu ya kuwahimiza wakulima wapande hempu kwa ajili ya vita. Vita vilipoisha, mmea ukarudi kuwa mshukiwa.

Sasa njoo Desemba 20, 2018. Sheria mpya ya kilimo inasainiwa Washington. Hempu inatolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya, na kifungu cha 10114 kinasema hakuna jimbo litakalozuia hempu iliyozalishwa kwa kufuata sheria hiyo kupita ndani yake.

Mwezi mmoja na siku chache baadaye, Januari 2019, lori linatoka Oregon kuelekea Colorado. Limebeba pauni 6,701 za hempu, zaidi ya tani tatu. Karibu na Boise, jimbo la Idaho, kuna kituo cha ukaguzi wa malori, kama mizani zetu za barabarani. Hati za mzigo zinasema wazi kwamba hii ni hempu. Polisi wanapima, kipimo kinaonyesha THC ipo. Kipimo cha barabarani hakisemi ni kiasi gani, na Idaho wakati huo hawakujali kiasi: THC yoyote ilikuwa bangi. Dereva anashtakiwa kwa ulanguzi, kosa ambalo kwa mzigo kama huo adhabu yake ya chini kabisa ni miaka mitano jela.

Mwenye mzigo alikimbilia mahakama ya shirikisho na kile kifungu mkononi. Jaji akakisoma neno kwa neno. Kinalinda hempu iliyozalishwa chini ya mipango mipya, na mipango yenyewe ilikuwa bado haijaandikwa. Ombi likakataliwa. Kanuni za wizara ya kilimo zilitoka mwisho wa Oktoba 2019. Novemba, gavana wa Idaho akaruhusu hempu ipite. Mwaka 2021 jimbo hilo likawa la mwisho kati ya 50 kuhalalisha kilimo chake.

Dereva hakungoja hayo yote. Septemba 2019, kwa makubaliano na waendesha mashtaka, alikiri kosa dogo ili lile kubwa liondoke.

Tunapenda kuzungumzia sheria kana kwamba siku inaposainiwa ndiyo siku inapoanza kufanya kazi. Kati ya sahihi na kanuni kulikuwa na miezi kumi, na aliyekuwa ndani yake ni mtu wa usukani. Si mkulima, si mwenye mali, si mbunge. Kwa hivyo rafiki yako akikuambia kitu fulani siku hizi ni halali, muulize: kanuni zimetoka? Na huko njiani utakakopita, wanazijua?