Vazi la Pili: Mavazi ya Watoto Katika Mji wa Nairobi

Historia aghalabu huandikwa juu ya vita, wafalme na mikataba. Nguo ya mtoto haitajwi sana katika vitabu vyake, na hali nguo hiyo yaweza kutuambia mengi juu ya watu: walitoka wapi, walijua nini, waliogopa nini, na walikuwa na nini mkononi. Mji wa Nairobi wafaa sana kwa uchunguzi wa namna hii, maana huko siku moja yaweza kuwa na majira mawili au matatu, na mtoto atokaye nyumbani alfajiri hana budi kuwa tayari kwa yote.

Tuitazame kwanza sababu ya mabadiliko hayo. Nairobi u karibu na Ikweta, lakini umeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa ipoavyo; kwa kila mita 1,000 joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 za Selsiasi. Ndiyo sababu watu wa Mombasa na wa Nairobi, ingawa ni wa nchi moja, hawawezi kuvaa namna moja. Kati ya Juni na Agosti mawingu huutanda mji, manyunyu huanguka, na alfajiri joto laweza kushuka hata nyuzi 10 au 12. Januari na Februari mbingu huwa wazi. Adhuhuri joto hupita nyuzi 25, lakini jua likisha kuchwa, ardhi hupoteza joto lake upesi, kwa kuwa hakuna wingu la kuizuilia.

Waliotutangulia waliyajua mambo haya kabla ya mji kujengwa. Jina lenyewe la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Wamaasai wa nyika zile, na Wakikuyu wa miinuko iliyo jirani, walivaa ngozi za mbuzi na za kondoo zilizokunwa na kulainishwa kwa mafuta. Mtoto mchanga wa Kikuyu alibebwa kwa mbeleko ya ngozi iitwayo ngoi. Kifua chake kilipata joto la mgongo wa mama, na mgongo wake ulikingwa na ngozi ile. Jua lilipopanda, mama aliweza kuilegeza. Upepo ulipovuma, aliweza kuikaza.

Katika desturi hiyo imo kanuni ambayo elimu ya leo yaithibitisha. Nguo haina joto lake yenyewe. Joto hutoka mwilini, na kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke. Kizuizi kilicho bora ni hewa iliyotulia baina ya mwili na nguo, na baina ya nguo na nguo. Kwa hiyo nguo mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, mara nyingi huishinda nguo moja nzito. Tena ile ya juu yaweza kuvuliwa saa sita na kuvaliwa tena jioni. Mtoto ana haja ya kanuni hii kuliko mtu mzima, kwa kuwa ngozi yake ni nyingi kwa kulinganisha na uzito wake. Hupoa upesi, na akifunikwa kupita kiasi mchana wa jua, huemewa na joto upesi vile vile.

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na pamoja nayo wakaja wageni wengi. Watu wa pwani walikuja na nguo zao nyepesi za pamba, ikiwamo merikani, kitambaa kilichoitwa kwa jina la nchi kilikotoka. Wahindi zaidi ya 31,000 waliletwa kuijenga reli hiyo, nao walikuwa na mavazi yao. Wazungu walikuja na sufu ya kwao, na pia na hofu ya jua. Mwaka 1905 Charles Woodruff, daktari wa jeshi la Marekani, alichapisha kitabu kilichodai kwamba nuru ya nchi za joto huwadhuru watu weupe. Kwa hofu ya namna hiyo watoto wa walowezi walivishwa kofia ngumu na pana, na watu wengine hata walivaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, au kitambaa kinene cha kuukinga uti wa mgongo. Baadaye dhana hiyo ilitupwa. Yatufundisha kuwa hofu isiyopimwa yaweza kumtwika mtoto mzigo usio na faida.

Mtoto wa Kiafrika alikuwa na shida nyingine. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa kibarua mpita njia. Vyumba vingi vilijengwa kwa wanaume walio peke yao, na mshahara ulikadiriwa kwa tumbo moja. Hata hivyo jamaa zilikuwako, na watoto walizaliwa. Wengi walikuwa na shati moja au rinda moja, na baridi ilipozidi, walijifunika blanketi au leso ya mama. Maarifa ya kuvaa hayakuwa yamepotea; kilichokosekana ni vazi la pili.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mji ulizidi kujaa watoto, na sare ya shule ikawa nguo yao ya kila siku: shati, kaptura au rinda, na sweta juu yake. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003, lakini sare ilibaki juu ya mzazi. Tangu miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa, mitumba ya Gikomba imewapa watoto wengi sweta na koti kwa bei ya chini. Ni haki kusema pia kwamba biashara hiyo iliwaumiza mafundi na viwanda vya nguo vya nchini. Lakini mzazi mwenye shilingi chache hujikuna ajipatapo.

Basi, wewe usomaye, tazama darasa lolote la mji huo asubuhi ya Julai. Yumo aliyevaa fulana, shati na sweta, naye aandika kwa utulivu. Yumo aliyevaa shati tupu, mikono ameifumbata kwapani, na kalamu i mezani. Zipo shule zinazomfukuza mtoto mwenye sweta isiyo ya rangi yao, na zipo zinazomkataza kuivua adhuhuri bila ruhusa. Kanuni za namna hiyo huitunza sura ya shule na kumsahau mtoto. Shule yenye busara huruhusu sweta ya rangi yoyote katika miezi ya baridi, na huziweka zile zilizowapungukia wakubwa ili wadogo wazivae. Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo, na faida yake huonekana katika daftari.